Kifungo cha Koti Jeupe

Fundi alikuwa na uchovu usiokwisha na elimu ya tumbo isiyokwisha. Mwaka mzima alilala kachoka, akaamka kachoka zaidi. Muuguzi alimpima akamwambia ale vizuri, apumzike kidogo kidogo, na ameze vitamini moja tu aliyopungukiwa. Fundi akauona ushauri huo mwepesi mno kwa mgonjwa wa hadhi yake. Akanunua vidonge vya kila rangi, pamoja na vya bakteria wazuri wa tumboni, kisha akaacha mkate, maharage na matunda, hao bakteria wakashinda na njaa kama mwenyeji wao. Vidonge alivipanga kwenye visanduku vya vifungo, chini ya cherehani. Nani mwingine angefanya hivyo ila mtaalamu?

Kilichomuuma hasa kilikuwa kingine. Binti yake, Kidosho, aliacha kumwomba wacheze. Aliwaambia wanasesere wake, "Nyamazeni, Baba kachoka." Fundi aliyasikia, yakamchoma moyo.

Jana mkewe alitoka, na Kidosho akagoma kula peke yake. Ikabidi Fundi ale naye maharage na chungwa, kisha wakajilaza mkekani wote wawili. Leo kaamka mwepesi, akameza kidonge kipya cheupe, akamaliza kushona koti jeupe la muuguzi kabla ya saa sita. Kwa furaha, hata vifungo hakuvikagua.

"Mama Kidosho, nimekipata!" akatamba. "Hiki cheupe ndicho chenyewe!"

"Haya, daktari wa cherehani," mkewe akamjibu.

Muuguzi alipokuja, akalivaa koti mbele ya kioo. Kifungo kimoja hakikuwapo. Fundi akapekua visanduku: kidonge cheupe alichojitengea asubuhi kilikuwa palepale, kizima. Basi alichomeza ni kifungo! Ilibidi aseme.

Muuguzi alicheka mpaka akakaa kitako. "Usiogope, Fundi, kile ni kidogo, kitatoka chenyewe. Lakini sicho kilichokupa nguvu. Jana ulikula nini?"

"Alikula na mimi," Kidosho akadakia. "Akalala pia."

Mtaalamu akaanza kurudisha vidonge chupani, mikono imeshachoka tena, maana uchovu ule haukuwa wa kuondoka kwa sahani moja.

Kidosho akamvuta shati. "Baba, leo tule wote tena. Halafu tucheze. Wewe cheza umelala, si kitu."

Fundi akaziweka chupa kando. Akatandika mkeka.