Juzuu la Pili Linaelekea Kinuni

Akina Penfold walikuwa wanawake wa kalamu, wawili tu nyumbani tangu baba yao afe. Dorcas, mdogo, alitoa mashairi gazetini kwa jina lake, wala hakukawia kukukumbusha. Thirza, mkubwa, aliandika riwaya kwa siri, na jaladani aliweka jina la mwanamume ambaye hakuzaliwa na mama yeyote. Kwa kawaida walisomeana kila walichoandika. Riwaya hii ya mwisho, Thirza alikataa katakata kuonyesha hata ukurasa.

Jumanne alasiri, sanduku la chama cha kusoma, lililozungusha vitabu vipya nyumba kwa nyumba, lilifika kwao; safari hii zamu yao ilikuwa ya kwanza. Ndani mlikuwa na juzuu la pili la riwaya hiyo hiyo. Dorcas alishika kisu akawa anakata kurasa zilizoshikana na kusoma kwa sauti, Thirza akimenya matofaa ya pai.

Kwenye ukurasa wa arobaini akaacha kusoma. Msichana wa hadithini alikuwa kitandani usiku karibu na dada yake, akimsimulia habari za mchumba wake, mgane mwenye kinu cha kusaga unga kwa nguvu ya maji: "Simpendi. Anapumua kama ng'ombe. Lakini nisipomkubali nitazeekea humu humu nyumbani."

Maneno yale yalikuwa ya Dorcas mwenyewe, neno kwa neno, na aliyewahi kuyasikia ni mtu mmoja tu duniani.

"Thirza! Umenianika!"

"Nimeandika hadithi, mdogo wangu."

"Hadithi gani? Haya yametoka mdomoni mwangu!"

"Na wewe je? Shairi la baba akikata roho lilitoka gazetini hata hatujamzika. Mimi nilisema kitu?"

Dorcas alifunua jalada. Orodha ya nyumba ambazo kitabu kingepitia kwa zamu ilikuwa imebandikwa ndani kama kawaida: Penfold, kisha Gathercole. Josiah Gathercole, mwenye kinu, alikuwa mchumba wake mwaka wa pili sasa, na kila jioni humsomea mama yake vitabu vya chama bila kuruka mstari.

"Basi litie motoni," Thirza alisema.

"Ili chama kinunue jingine?"

Dorcas alivaa kofia yake akaondoka kwenda kinuni, kitabu kwapani. Afadhali Josiah ayasikie kwake kuliko ayakute mbele ya mamaye.

Josiah alisimamisha mawe ya kusagia alipomwona. Dorcas alisoma ukurasa mzima akiwa wima, bila kupumzika, kisha akasema, "Ni mimi niliyesema, Bwana Gathercole. Si hadithi."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Dada yako aliniletea kurasa hizo mwaka jana, nimrekebishie habari za kinu. Mawe alikuwa ameyaweka ovyo kabisa, maskini. Alidhani sitajitambua."

Dorcas alikifunga kitabu. Mwaka mzima! Krismasi walikula bata bukini meza moja, Josiah akamkatia paja.

"Na ukanyamaza?"

"Nilingoja useme mwenyewe. Mchungaji anauliza majina yetu ayatangaze kanisani tufunge ndoa, namwambia bado." Josiah alijipangusa unga usoni, na macho yake yalikuwa mekundu. "Sasa umesema. Umekuja kuniomba radhi, Dorcas, au umekuja nikufukuze?"

Hapo ndipo Dorcas aliposhtuka kuliko siku nzima, kwa sababu jibu lilikuwa tayari kinywani mwake, naye hakuwa na habari nalo.

"Nifukuze," alisema.

"Hapana. Huo mzigo usinitwike mimi." Josiah alilichukua juzuu mkononi mwa Dorcas, polepole. "Mlango uko wazi. Ukitoka, umetoka mwenyewe."

Dorcas alitoka. Alitembea haraka, karibu akimbie, akijiona mwepesi mno, mpaka alipofika njia panda. Hapo akasimama kama aliyepigwa kofi, maana hakuwa na pa kwenda isipokuwa nyumbani kwa Thirza, mle mle alimoogopa kuzeekea.