Mabega ya Inchi Ishirini na Moja

Jumanne, saa kumi kasorobo alasiri, mke wa dereva alikuwa anaanua nguo kambani pale fundi cherehani alipoingia uani na gauni la bluu limefungwa kwenye gazeti. Fundi alikuwa amezikwa miezi minne iliyopita. Ndiye aliyegongwa na gari, na kwa ajili yake dereva alikuwa anatumikia miaka mitano jela, kwa kosa la kuendesha akiwa amelewa na kusababisha kifo.

"Nisamehe kwa kuchelewa, mdogo wangu," fundi alisema. "Shingo ilinisumbua."

Alimaanisha shingo ya gauni.

"Haidhuru, dada. Nyie mafundi tumewazoea."

Nguo kumi na moja zilibaki kibandani alipokufa. Zote zilikuwa zimewafikia wenyewe, na hakuna aliyelalamika isipokuwa mwalimu mmoja aliyesema suruali inambana. Huyo, fundi alishamwonya tangu yuko hai kwamba ananenepa.

Waliingia ndani na nguo zilizoanuliwa ili alijaribu, na gauni lilikaa vizuri. Fundi akawa anakata uzi uliobaki kwenye pindo, macho yake yakaangukia picha ya harusi ukutani.

"Huyu nani?"

"Mume wangu." Mke wa dereva alishusha sauti. "Ndiye aliyekugonga, dada."

"Huyu? Hata kidogo. Huyu ana inchi kumi na saba bega kwa bega. Aliyeshika usukani alikuwa na ishirini na moja, na bega la kulia limeshuka. Alikuja mbele yangu mchana kweupe. Sura za watu hunipotea, lakini mabega siyasahau."

Mke wa dereva akakaa juu ya nguo alizokuwa ameanua. Mabega hayo aliyajua. Yalikuwa ya tajiri wa mumewe, mwenye karakana ya milango. Siku ile tajiri alitoka kwenye sherehe ya mchana akataka kuendesha mwenyewe. Alipogonga, alimsogeza dereva kwenye usukani, akamnywesha chupa nzima ya pombe iliyobaki kabla polisi hawajafika. "Wewe kubali tu kosa," akamwambia, "mimi niko nyuma yako." Dereva akakubali. Ndani ya gari lile alikuwa amezoea kutii: kata kulia, kata kushoto, simama. Alipokuja kusema kweli alikuwa ameshafungwa, na aliyemwamini ni mkewe peke yake.

Wakili aliyekuwa anaandaa rufaa alisikiliza habari ya shahidi mpya huku anachonga penseli.

"Ana kitambulisho?"

"Alizikwa nacho."

"Basi asikisahau."

Siku ya rufaa fundi alifika kabla ya majaji, tepu ya kupimia shingoni. Karani akamwapisha, kisha akamuuliza umri.

"Niliishia arobaini na mbili."

Karani akaandika arobaini na mbili. "Kazi?"

"Fundi cherehani."

"Mpaka sasa?"

"Nimebakiza mashati mawili."

Majaji watatu wakamruhusu apime. Akaanza na dereva kizimbani.

"Simama wima, shemeji. Usijikunje kama mwizi."

Kumi na saba. Tajiri alikuwa benchi la nyuma. Alipoitwa alivua koti mwenyewe, akageuka, akainua mikono kidogo, kama mtu anayejua anavyopimwa. Ishirini na moja.

"Na hili la kulia limeshuka," fundi alisema.

"Nilianguka nikiwa shule," tajiri akajibu.

Wakili wa serikali akauliza kama tepu imekaguliwa. Ikaletwa rula ya karani, zikalinganishwa, zikaafikiana. Jaji wa pembeni akaomba naye apimwe, akaambiwa kumi na nane, akaridhika.

Hukumu ilisomwa baada ya chakula cha mchana. Jaji wa katikati alisoma taratibu, kidole kwenye mstari. Mahakama, alisema, haina shaka na vipimo. Lakini ushahidi mpya hupokewa katika rufaa pale tu usipoweza kupatikana kesi ilipoanza, na shahidi huyu alikuwepo eneo la tukio tangu mwanzo mpaka mwisho. Haikuelezwa kwa nini hakuitwa. Tena mrufani alikiri kosa kwa kinywa chake. Rufaa ikatupwa.

"Mngeniita ningekuja," fundi alisema. "Nilikuwa mochwari siku tisa, sina hata kazi ya kufanya."

"Hilo liandikwe," jaji akasema, na karani akaliandika.

Kwenye korido tajiri alimfuata fundi. Alisema ameona kazi ya mkono wake kwenye gauni la mke wa dereva, na yeye anataka suti. "Vipimo si unavyo tayari?"

Fundi alikuwa navyo, akavitumia. Suti ilikwisha siku kumi na mbili baadaye, na bega lililoshuka alilijaza sponji ndani, maana mteja akitoka na kasoro yake wazi aibu ni ya fundi. Tajiri aliivaa kwenda kulipokea gari jipya. Waliomwona walisema amenyooka kama mlingoti.

Gerezani mashati hukatwa kipimo kimoja, cha mtu mkubwa. La dereva lilimvuka mabega likaning'inia kwenye mikono. Kwa hiyo kila Jumanne ya kwanza ya mwezi fundi huenda na mke wa dereva siku ya kuwaona wafungwa. Kanuni zinakataza mgeni kuingia na sindano, ila askari wa mlangoni alizisoma mara mbili na hakukuta mahali zinapomtaja marehemu.

Mwezi wa kwanza alilipunguza shati mpaka kumi na saba. Mwezi wa tatu akarudi kulipunguza mpaka kumi na sita. Mwezi wa saba alipitisha tepu mgongoni, akaisoma, akaipitisha tena.

"Simama wima, shemeji."

"Nimesimama, dada."

Mke wa dereva akatazama sakafu. Fundi akatoa chaki, akaweka alama kwenye kumi na nne, akaanza kufumua.