Mlango wa Kusini

Siku ya sita ya kujenga ukumbi wa kutia saini mkataba wa kusitisha vita vya Korea, fundi Pyo Doksu aliambiwa autoboe ukuta aliokuwa ameumaliza jana yake.

"Wanataka mlango," alisema Maeng, msimamizi wa kazi, huku akijifuta matope ya Julai kwenye viatu.

"Mlango si upo?"

"Upo upande wetu, kaskazini. Wao wanatokea kusini. Wanasema jenerali wao hawezi kuzunguka jengo zima aje kupita kwetu kama jirani aliyekuja kuomba chumvi."

"Wakati mnachora ramani hamkujua kama watakuja wawili?"

"Mimi nachora ninachoambiwa nichore, ndugu fundi. Na wale njiwa wa rangi ya buluu juu ya mlango nao wanafutwa. Mmarekani hawataki."

"Njiwa wamemkosea nini?"

"Ni njiwa wetu, njiwa wa kikomunisti," alisema Maeng, na mtu mzima yule hakucheka hata kidogo.

Doksu naye hakucheka. Zamani angecheka. Mwaka wa kwanza wa mazungumzo, yeye mwenyewe aliambiwa akate miguu ya kiti cha Mmarekani, ili bwana mkubwa akikaa kidevu kilingane na meza. Aliikata vizuri, kwa msumeno mwembamba, akaenda kuwasimulia majirani zake wakashika mbavu. Kesho yake Wamarekani wakaja na kiti kingine. Kisha zikaja bendera: hawa wakaleta ya urefu huu, wale wakaleta ndefu zaidi, mpaka fundi akawa hana kazi nyingine ila kuchonga vitako vya bendera. Na muda wote huo, nyuma ya vilima, mizinga inanguruma. Mwili wa mtu wa kwanza kutoka kijijini kwao uliporudishwa na mkokoteni, Doksu alihesabu siku zilizopotea kwenye kiti na bendera, akajua kwamba kicheko kile kilikuwa na bei yake.

Miezi kumi na minane ya mwisho walikwama kwenye jambo moja tu: je, askari aliyetekwa arudishwe kwao kwa nguvu, au achague mwenyewe pa kwenda? Kusini wakasema achague. Kaskazini wakasema arudi. Mrusi hakukaa mezani hata siku moja, lakini hakuna aliyenyanyua kalamu bila kumtazama. Halafu mwezi wa tatu mkubwa wa Warusi akafa Moscow, na huku Panmunjom, ambako hakuna aliyewahi kuiona Moscow wala Washington, makaratasi yakaanza kutembea. Wakubwa wawili wakigeuka ubavu usingizini, wadogo ndio wanaoanguka kitandani. Wakorea wana msemo wao: nyangumi wakipigana, kamba wa baharini ndiye anayevunjika mgongo. Doksu alikuwa ameusikia tangu utotoni na sasa ulikuwa unamtia hasira, kwa sababu kila aliyeutaja alishusha pumzi na kukaa chini. Yeye hakutaka kukaa chini. Alitaka kwenda Munsan.

Munsan ilikuwa ng'ambo ya mto Imjin, mwendo wa siku moja kwa miguu. Mwezi wa kwanza wa mwaka wa hamsini na moja, watu walipokimbia kusini kwenye theluji, mkewe Okbun alimfunga binti yao Malsun mgongoni, akamwambia, "Tutakusubiri stesheni ya Munsan. Siku kumi." Doksu alibaki na mama yake, aliyekuwa hawezi kutembea. Siku kumi zikawa miaka miwili na nusu. Kila asubuhi magari ya Wamarekani yalikuja mkutanoni kutoka Munsan, na kila alasiri yalirudi Munsan, na Doksu aliyatazama matope ya magurudumu yao kama mtu anayetazama barua asiyoweza kuisoma.

Mama alifariki mwezi wa nne mwaka huu. Mwana wa kwanza wa kiume hukaa karibu na kaburi la mama yake miaka mitatu, hulifyekea nyasi, huliandalia wali na pombe siku ya kumbukumbu. Anayeliacha ni mbwa, na majirani hawaoni haya kumwambia hivyo. Lakini Okbun alikuwa hai, au Doksu aliamini hivyo, na mara saini ikitiwa, majeshi yangerudi nyuma kilometa mbili kila upande ndani ya siku tatu, nyaya za miba zingenyooshwa, basi. Mwenye mke kusini angebaki na jina lake tu.

Angeweza kutoroka siku yoyote. Duara la mazungumzo, eneo lisilopiganiwa kuzunguka ukumbi, halikuwa na ukuta, na walinzi wa pande zote walipishana humo kila siku. Lakini mwaka wa kwanza kisa kimoja tu kilichotokea kwenye maeneo ya mazungumzo kilisimamisha kikao miezi miwili. Miezi miwili ya mizinga kwa ajili ya miguu ya fundi mmoja? Hapana. Angengoja watie saini kwanza, halafu aondoke kabla njia haijafungwa.

"Kizingiti tutakitengeneza kwa mti gani?" Maeng aliuliza sasa. "Msonobari mbichi hautaziweza zile buti zao."

"Sina mti mgumu."

"Unao. Ubao wa mkastania wa mama yako. Uliuweka chini ya sakafu ukauke."

Ule mti ulikuwa umesimama uani kwa kina Doksu tangu enzi za babu yake, ukizaa njugu zenye maganda ya miiba, mpaka kombora likaupiga. Ubao mmoja tu uliopona ndio alioukausha, naye alikuwa na kazi nao. Kibao cha roho, kile chenye jina la marehemu ambacho watoto hukipigia magoti, hakichongwi kwa mti mwingine. Mwenye kibao anaye mama popote aendapo, na kaburi linaweza kumwelewa. Hivyo ndivyo Doksu alivyokuwa amepanga kuwajibu wanaoita watu mbwa.

"Nitakupa nusu," alisema mwishowe. "Lakini nitakipigilia mwenyewe. Na siku ya saini nataka nisimame pale pale na randa yangu."

"Jenerali atasaini na seremala amemsimamia?"

"Mbao za mlango ni mbichi, na ni masika ya Julai. Utavimba, Maeng. Jenerali wao akiusukuma ukagoma, watasema tumeufunga makusudi. Unataka tuanze upya na bendera?"

Maeng alimtazama. Walikuwa wamesoma darasa moja Kaesong, wakachapwa fimbo na mwalimu mmoja. "Simama nyuma ya pazia," alisema. "Usipige chafya."

Doksu aliupasua ubao katikati. Nusu aliiweka chini ya mlango wa kusini, akaipiga randa mpaka ikang'aa. Nusu nyingine aliichonga kibao cha shubiri moja, akaandika jina la mama yake kwa wino, akakifunga kwa kitambaa cha katani na kukitia kifuani.

Tarehe ishirini na saba, saa nne asubuhi, majenerali wawili waliingia, kila mmoja kwa mlango wake. Mwana wa Kikorea hafundishwi mara mbili kutokanyaga kizingiti. Huruka, maana kukikanyaga ni kuitia nyumba mkosi. Mmarekani alikikanyaga kwa buti zote mbili. Nyuma ya pazia Doksu aliuma meno. Wale mabwana walikaa, wakatia saini karatasi baada ya karatasi, kwa dakika kama kumi, bila kusalimiana, huku mizinga ikitikisa vioo, kwa kuwa kusitisha vita kulipangiwa saa nne usiku. Saa kumi na mbili nzima za kufa bado zilikuwa zimesalia, na hakuna aliyeona ajabu. Walipomaliza, kila mmoja alisimama akatoka alikoingilia. Hawakupeana hata mkono.

Wapagazi waliingia kubeba viti. Doksu aliweka sanduku lake la vifaa sakafuni, akaenda mlango wa kusini.

"Doksu," aliita Maeng. "Wapi?"

"Mlango umevimba. Nautazama kwa nje."

Maeng alilitazama sanduku pale sakafuni, randa ikiwa juu yake. Kisha akawageukia wapagazi na kuanza kuwafokea kwamba wanabeba viti kama wanaoiba matikiti, ingawa kosa lao hakulijua mtu.

Doksu alikiruka kizingiti cha mama yake akatoka.

Nje alikuwepo askari kijana wa Kimarekani mwenye madoadoa usoni, na karibu yake luteni wa Kikorea, mkalimani wa upande wa kusini, aliyeitwa Tak. Doksu alimjua kwa sura. Miaka miwili alimsikia akitafsiri matusi ya adabu.

"Mzee, rudi," alisema Tak kwa lafudhi ya Seoul. "Upande huu si wako."

"Mke wangu yuko Munsan. Naenda kwake."

"Nikikuchukua watasema nimekuteka nyara. Wino haujakauka bado. Rudi, tafadhali."

"Mwanangu, miezi kumi na minane nimekusikia ukisema mle ndani kwamba mtu achague pa kwenda. Ulilisema vizuri. Mimi nimechagua."

"Hiyo ni kwa wafungwa wa vita tu."

"Basi niteke."

Askari mwenye madoadoa aliuliza jambo kwa lugha yake, Tak akamjibu kwa ufupi, na yule kijana akamtazama Doksu kwa macho ya kutoamini.

"Vita vinaisha saa nne usiku," Doksu aliendelea. "Sasa hivi ni saa nne na nusu asubuhi. Sikiliza hiyo mizinga. Mimi ni adui, nakuomba uniteke."

"Ndani ya duara hili hatumteki mtu. Ni mkataba. Na barabara ya Munsan nayo ni vivyo hivyo, hatumteki mtu mita mia mbili kila upande."

"Duara linaishia wapi?"

"Pale kwenye nguzo."

"Na baada ya nguzo, mita mia mbili kando ya barabara, kuna shamba la mpunga. Nitakusubiri mwisho wake."

"Mzee, lile shamba lina mabomu!"

"Lile shamba ni la shemeji yangu. Nimepanda mpunga wake miaka kumi na mmoja."

Akaanza kutembea. Hakukimbia, maana anayekimbia hupigwa risasi na pande zote mbili. Alipita nguzo, akashuka kwenye tuta jembamba kati ya vidimbwi viwili vilivyojaa magugu. Tuta hilo alilijua enzi za mpunga. Enzi za mabomu hakulijua. Alikuwa anaogopa, na alikuwa anaendelea. Palipo na udongo uliochimbuliwa aliruka. Palipo na nyayo za chura alikanyaga, akijiambia kwamba chura si mzito lakini si mjinga. Mvua ilianza. Aliweka mkono kifuani, akahisi kile kibao kimekauka na kina joto, akahesabu hatua mpaka mia mbili na arobaini, maana hatua zake ni fupi, naye hakutaka kuwapunja.

Mwisho wa tuta aligeuka, akainua mikono juu, akasimama.

Alisimama hivyo muda wa kutosha mtu kula bakuli la shayiri. Mabega yakamuuma, maji ya mvua yakamwingia kwapani. Aliwaza kwamba pengine kijana hatakuja, na kwamba itabidi asimame hivyo hadi saa nne usiku. Basi angesimama.

Tak alikuja akikanyaga pale pale alipokanyaga yeye, bastola mkononi, uso mweupe kama karatasi.

"Hatua mia mbili na arobaini," alisema akihema. "Nimezihesabu. Umetoka nje kabisa."

"Niteke basi."

"Nimekuteka." Alimpapasa mifukoni kama sheria itakavyo, akakuta kipande cha penseli na kiko cha tumbaku. Mkono ulipofika kifuani, ukagusa kitu kigumu. Bastola ikainuka. "Nini hiki?"

"Fungua."

Tak alikifungua kitambaa. Akaliona jina, akaona ni mkastania. Kwa muda alisahau kuikinga ile bastola na mvua. Kisha akaitia kwenye ala yake, akavua kofia ya chuma, akapiga magoti kwenye tope la shamba la shemeji wa mtu, akainama mara mbili hadi paji la uso likagusa udongo, kama anavyotakiwa kuinama kila mtoto wa watu mbele ya mama wa mtu.

Aliposimama alikifunga kitambaa, akakirudisha alikokitoa. Akavaa kofia, akatoa bastola tena, na daftari.

"Mikono juu, mzee," alisema kwa upole. "Munsan ni mbali. Jina?"

"Pyo Doksu, seremala."

Tak aliandika. "Mfungwa mmoja."

"Wawili," alisema Doksu.

Luteni alikitazama kifua cha Doksu, akaifuta ile namba moja kwa kidole kilicholowa, akaandika mbili.