Uzi wa Isakki

Mashine ya mlangoni ililia mara tatu, na mara zote ikawasha taa nyekundu usawa wa kifua.

"Rudi nyuma," nikamwambia Isakki. "Usiguse kitu."

Kazi yangu ndiyo hiyo: asitoke mtu kwenye jengo la kinu cha nyuklia akiwa na uchafu wa mionzi. Isakki husafisha kingo za bwawa la kupozea. Nikamwingiza chumba cha kuoshea, nikamsugua uso na mikono. Kipimo kikanyamaza usoni, kikanyamaza mikononi, kikafika shingoni kikaanza kulia. Ulikuwa uzi wake wa ndoa, ule mume alimfunga siku ya harusi, wenye kidani cha dhahabu.

Wake za watu wote hapa huingia kazini na uzi huo, umebandikwa kifuani kwa plasta chini ya ovaroli. Mke havui uzi mumewe akiwa hai. Tulibishana nao wee, tukaishia kwenye plasta.

"Uliutoa?"

Akainamisha kichwa. "Saa nne walikuwa wanampasua mume wangu moyo hospitalini, dada. Niliugusisha machoni kidogo tu, nimwombee."

"Na glovu zimelowa maji ya bwawa!"

"Nilisahau."

Nilitaka kumzaba kibao. Nilitaka pia kulia. Kidani kingeoshwa, lakini pamba ikishanyonya haisafishiki. Uzi ule ulikuwa wa kubaki humu, kwenye pipa la taka.

"Sivui mpaka nijue ametoka salama," akasema. "Simu yangu iko kabatini huko nje. Nipishe niulize, kisha uukate."

"Na Sornam?"

Sornam ni bintiye wa miezi minane. Kila akinyonya huushika uzi ule na kuutia mdomoni, kila mtu anajua. Isakki akawa anazunguka chumba, ukuta hadi ukuta, maji yakimchuruzika.

"Chellakani!" Bwana Kuttalingam, mkuu wa zamu, aliniita kutoka nyuma ya mlango. "Si ukate tu, tuandike ripoti?"

"Acha kuchungulia wanawake! Nenda jikoni ulete uzi wa pamba na manjano."

Akaenda mbio. Desturi iko wazi: uzi mpya huvaliwa kabla wa zamani haujatoka, shingo isikae tupu hata dakika. Lakini Isakki hakuruhusiwa kugusa kitu kipya mpaka apimwe upya, na mwanamke mwingine zamu ile nilikuwa mimi tu. Mimi ni mjane, na kwetu mjane ni mkosi. Majirani wakianza safari wakakutana nami, hurudi ndani wakanywa maji kwanza.

Siyaamini hayo. Hata hivyo uzi ulipofika, umepakwa manjano, sikuusogeza shingoni kwake.

"Petchi wa zamu ijayo anaingia saa nane," nikasema. "Yeye ana mume. Tumsubiri."

"Saa nane! Maziwa yananijaa, mtoto analia huko. Funga, dada."

"Isakki, unajua mimi ni..."

"Najua! Mumeo aliuawa na lori. Mikono yako iliendesha lori? Funga!"

Nikamvisha mpya juu kabisa shingoni, mbali na ule mchafu, nikapiga mafundo matatu. Ndipo nikakata wa zamani. Kidani nikakisugua mpaka kipimo kikanyamaza, nikakitundika kwenye uzi mpya. Mlangoni taa ikawaka kijani, naye akatoka mbio.

Nikautia uzi kwenye mfuko wa taka, nikaufunga, nikaandika tarehe. Kisha nikasimama kwenye dirisha la kioo nikitafuna kucha. Mumewe angekufa, kijiji kizima kingejua ni mkono upi uliofunga. Na mimi, niseme ukweli, ningesadiki kuwa ni mkosi wangu.

Isakki akatokea anakimbia, simu juu, akapiga kioo kwa kiganja.

"Amezinduka! Anaulizia chai!"

Nikaegemea ukuta.

"Dada! Mwezi wa Aadi, sisi wake tukibadilisha nyuzi za ndoa, uje nyumbani unifungie wewe. Umesikia? Wewe!"

Miaka sita sijaitwa kwenye sherehe ya mtu. Nikamfokea aache kupiga kelele mlangoni, kisha nikarudi chumba cha kuoshea, nikafungulia maji yote, nikalia.