Gari Haliingii Ng'ambo ya Reli

Darasani Rumiana alikuwa amejibu kama wenzake. Mwalimu aliuliza kwa nini watu wa ng'ambo ya reli hufa mapema, na watoto wa Kibulgaria wakasema ni sigara, ni uchafu. Rumiana, mkaazi wa huko huko ng'ambo na Mroma pekee mle ndani, wa jamii ambayo wengine huiita Wajipsi, akaongeza, "Hawamwiti daktari mapema." Akasifiwa. Na la kusikitisha ni kwamba aliyaamini maneno yake.

Ndiyo maana Jumapili asubuhi, bibi yake, Gina, aliposhika kifua na kulowa jasho, Rumiana hakutaka kusikia habari ya mkokoteni.

"Tumvushe reli kama kawaida," alisema kaka yake, Sasho. "Tumlaze mbele ya duka la dawa, tupige simu, tutaje jina la Kibulgaria. Kwani wewe mgeni hapa?"

"Mgonjwa wa moyo hatikiswi. Mimi nitasema ukweli, nitaitaja nyumba yetu."

"Haya, msomi."

Akapiga simu kuomba gari la wagonjwa, akaambiwa wangoje. Rumiana alitoka mlangoni, akarudi, akamfungua bibi vifungo, akatoka tena. Njia ilikuwa tupu, kuku tu na tope. Alipopiga mara ya pili, jua likiwa utosini, aliambiwa gari haliingii mtaa huo bila polisi, na polisi hawajapatikana. Midomo ya bibi ilishaanza kubadilika rangi.

Sasho hakumcheka. Alitandika godoro kwenye mkokoteni, akamvua bibi kitambaa chake cha kichwa cha maua ili asitambulike kuwa Mroma, wakasukuma. Kila gurudumu liliporuka juu ya chuma Rumiana alijiona ndiye anayemuua.

Mbele ya duka la dawa Sasho alipiga simu. "Bi Penka Ivanova. Ameanguka barabarani, tafadhali." Jasho lao halijakauka, gari likafika.

Daktari alikuwa mtu mwema, na hilo lilimuumiza Rumiana zaidi. Alimwekea bibi hewa, akamshika mkono, akamwita mama.

"Maumivu yameanza lini?"

"Asubuhi," alisema Rumiana, ambaye ndiye aliyepanda naye.

"Tangu asubuhi! Mbona mmechelewa hivyo kuita, binti?"

Rumiana alifungua kinywa. Bibi akamminya kidole.

"Mwache," akanong'ona. "Kwanza nifike."

Gari likaondoka, king'ora kikilia. Punde redio ya dereva ikakoroma: kuna bibi ng'ambo ya reli, kifua, ameitiwa gari tangu asubuhi, nani aende?

"Hao wangoje tu," daktari akajibu, wala hakuwa na chuki, huku akimfunika bibi blanketi vizuri. "Sisi tuna mgonjwa huku."

Rumiana alishindwa kukaa kimya.

"Waambieni wasihangaike," alisema. "Bibi mwenyewe ndiye huyu."

Daktari aliendelea kumhudumia bibi, hewa na sindano, kila kitu kama inavyotakiwa. Ila hakumwita mama tena.