Bima ya Mwalimu Ngendo

Ukitaka kumjua Mwalimu Ngendo ni mtu wa namna gani, muulize Fuad, wakala wa bima pale Karatina, ofisi iliyo juu ya duka la mbolea. Fuad amewakatia bima waongo na wakweli, na atakwambia macho makavu kwamba hajaona mwingine kama huyo mama. Ana miaka sabini na minane. Alianza kuendesha gari enzi zile mwanamke akishika usukani watu wanasimama kumtazama, na mpaka leo hajagonga hata kuku.

Lakini si hilo linalomfanya Fuad amheshimu hivyo. Kila Jumanne na Ijumaa, huu ni mwaka wa tatu, Mwalimu humchukua Bi Saumu, mama yake Fuad, kwa ile Corolla yake nyeupe hadi hospitali ya Nyeri akasafishwe damu, maana figo zake zimechoka. Humngoja saa nne nzima akifuma sweta, kisha humrudisha mpaka mlangoni. Hakuna aliyemwomba. Ukimtajia pesa ya petroli, anakuuliza habari za mvua.

Basi bima ya Corolla ikakaribia kuisha. Kampuni ilikuwa imeleta sheria mpya: dereva aliyepita miaka sabini na mitano, bei yake inapanda, na lazima ajaze ukurasa mzima wa maswali ya afya. Mwalimu alipanda ngazi asubuhi na mapema, akaketi, akaweka mkoba magotini.

"Mwalimu, uko na njia mbili," Fuad alimwambia. "Thadi pati ni bei ya chini, lakini inalipa yule umegonga tu. Gari yako ikiharibika ni shauri yako. Ile bima kubwa inalipa na gari yako pia, lakini kwa umri wako imepanda sana."

"Na mwenye amekaa na mimi ndani ya gari?"

"Abiria unamwongezea pesa kidogo. Wengi hawaongezi."

"Ongeza huyo kwanza. Halafu andika ile kubwa. Gari ikilala gereji na sina pesa ya kuitengeneza, mama yako ataenda Nyeri na nini?"

Fuad aliinamisha kichwa, akaandika. Alikuwa amejiandaa kubembeleza, na kumbe mwenzake alishafikiria yote.

Wakafika kwenye ukurasa wa afya. Moyo, sawa. Miguu, sawa. Kwenye macho Fuad hata hakungoja jibu, kalamu ilishaanza kuandika.

"Ngoja," Mwalimu akasema. "Jicho la kushoto liko na mtoto wa jicho. Daktari ameniambia juzi. Andika hivyo."

Fuad akaweka kalamu chini. Alijua akiandika hivyo, kampuni itamtoa Mwalimu kwenye usukani mpaka apasuliwe, na hiyo ni kungoja miezi. Mama yake hawezi kukosa hata wiki moja. Siku waliyojaribu matatu, alishushwa amebebwa. Tusidanganyane, Fuad aliogopa sana.

"Hiyo si lazima waijue," akasema kwa sauti ya chini. "Jicho la kulia liko sawa, na barabara unaijua. Nani atakuja kukupima?"

Mwalimu alimtazama kama anayetazama daftari lililojaa makosa.

"Ijumaa pale Marua kulikuwa na mtu wa baiskeli upande wa kushoto. Sikumwona. Ni mama yako alipiga kelele, nikakanyaga breki. Nilimwomba asikuambie, nikuambie mwenyewe." "Kiti cha kushoto, Fuad. Unajua nani hukaa hapo?"

Aibu ilimshika Fuad mpaka masikio yakawaka. Yeye mtoto wa Saumu ndiye aliyetaka kuficha, na huyu ambaye si ndugu yao ndiye aliyekuwa akimlinda mama. Akachukua kalamu, akaandika yote kama alivyoambiwa.

Mwalimu akafungua mkoba, akatoa ufunguo wa gari, akauweka juu ya fomu.

"Bima ibaki ya gari yangu. Dereva, weka mwingine mpaka nipone."

"Nani sasa?"

"Wewe. Si uko na leseni?"

"Mwalimu, na ofisi je?"

"Ofisi itafunguliwa saa nane." Hakupandisha sauti. "Huu mwaka wa tatu nampeleka mama yako, na hujawahi kuja hata mara moja kuona vile wanamfunga kwa ile mashine."

Fuad akaivuta fomu, akaandika jina lake kwenye mstari wa dereva.

"Jumanne, saa kumi na mbili asubuhi," Mwalimu akasema akiinuka. "Mimi nitakaa nyuma. Na wakimwingiza sindano huwa anatafuta mkono wa kushika. Umpe wako."