Nyota ya Ng'ambo ya Ukuta

Kutoka Soko la Toi mpaka Kongo kule Kawangware, hakukuwa na mwanamke wa kumshinda Trizah kucheza muziki wa benga. Aliyesema hivyo ni Trizah mwenyewe, na kwa kuwa alichezea chumbani tu, mlango ukiwa na komeo, hakukuwa na wa kumpinga.

Jumamosi moja, mwaka wa tisini na sita, alisahau komeo. Binti yake Caren, aliyekuwa akisomea mambo ya nyota chuo kikuu, akamkuta chumbani kwake, mtaani Kisumu Ndogo, akitikisa kiuno, benga ikilia, dagaa zake za omena zikiungua jikoni.

"Mama! Si mwaka jana ulikuwa huongei hata na paka? Nimekutafutia chumba kwa rafiki yangu Njambi, Kawangware, mahali pametulia. Pikapu ya kubeba vitu iko barabarani."

Moyo wa Trizah ukashuka hadi kwenye malapa. Kutulia! Tangu mumewe afariki alikuwa ametulia mpaka akachoka.

"Kwanza niambie habari za nyota zako," akasema, apate muda wa kufikiri.

Hapo Caren hakuweza kujizuia. "Nyota ikiwa peke yake, Mama, ikizeeka inazunguka polepole, na nguvu zake za sumaku zinafifia. Inanyamaza. Lakini ikiwa na mwenzake wa karibu, wanavutana, haipati nafasi ya kupunguza mwendo. Sumaku inashika kasi, madoa yanajaa usoni, milipuko ya moto haiishi!"

"Hata kama imezeeka?"

"Hata kama imezeeka."

"Wacha!" Trizah akapangusa jasho, akafurahi kuliko alivyotaka kuonekana.

Caren akamkazia macho. "Na wewe, nani amekuchangamsha hivi? Huyu jirani?"

"Nani, Dalmas? Huyo hata simjui. Ni hii redio yangu tu."

Caren akaiinua redio. Nyepesi kama kiberiti kilichoisha njiti. Akaifungua mgongo: betri hakuna, kuna buibui. Na benga bado inalia, ukuta wa mabati unatetemeka.

Mara muziki ukakatika. Sauti nzito ya kiume ikapenya ukutani: "Nyar Seme! Mbona miguu imenyamaza? Nigeuze kaseti?"

Nyar Seme, binti wa Seme, ni jina walilomwita watu wake wa karibu tu.

Caren alicheka mpaka akakaa kitandani. "Acha nikamwambie dereva ageuze gari. Lakini Mama, si umesema humjui?"

Trizah akainamia omena zake.

"Ni redio," akasema. "Siku hizi inaita watu majina."